Mwalimu Aliyerudi Kufuta Ubao

Ukikutana na Mwalimu dukani, na kama aliwahi kukufundisha, heri ujifanye humjui. Wengi walichelewa kulijua hilo. Mtu anachagua nyanya zake kwa amani pale Wheaton, Maryland, mara anasikia sauti nzito nyuma yake ikimwita kwa jina la ukoo, kama alivyoitwa darasani. Akigeuka anamkuta mzee mrefu, Mmarekani mweusi, kofia ya sufu kichwani hata wakati wa joto, na kikapu chenye ndizi na kopo la siagi ya karanga.

"Darasa la nane," Mwalimu anasema. "Ulikaa karibu na dirisha. Nilikufundisha kwamba kuna baharia aliyeigundua Amerika."

"Ndiyo, Mwalimu. Nakumbuka."

"Sahau. Mtu hagundui nyumba ambayo moto unawaka jikoni na wenyewe wamekaa wanakula."

Halafu anampa mkono, anamwomba radhi kwa dhati, anaendelea zake kwenye maziwa. Nilimwona mama mmoja mfamasia, bado na koti lake jeupe, amebaki ameshika nyanya, hajui kama ameamkiwa au ametukanwa.

Mwalimu alikuwa jirani yetu, mlango wa pili kutoka kwetu. Alikuwa amefundisha historia ya Marekani katika shule za serikali tangu ujana wake hadi alipostaafu. Wenzake wakistaafu wanahamia Florida kulifuata jua. Yeye alinunua taa ya kusomea na kiti kizito cha ngozi, akaanza kusoma yale yote ambayo kitabu chake cha kufundishia kiliyaruka: waliyoyasema wenyeji wa nchi hii kuhusu wageni waliowashukia, waliyoyasimulia watumwa wenyewe walipopata mtu wa kuwasikiliza, waliyoyafanya akina mama wafuaji nguo walipogoma. Kila alipomaliza kitabu alikuwa na deni jipya kwa wanafunzi wake wa zamani, na kwa kuwa hakuwa na anwani zao, aliwasubiri barabarani.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hakuyasoma hayo mapema.

"Nani kakwambia sikuyajua?" akasema. "Mengine niliyajua kabla sijaanza shule. Kwetu yalisemwa mezani, wakati wa chakula. Lakini asubuhi nilivaa tai nikafungua kitabu, kwa sababu mtihani ulitoka kitabuni, haukutoka mezani kwetu. Mtoto wa watu akifeli, utamwambia nini mama yake?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nina sukari.

Tulizungumza Kiswahili, mimi na yeye. Alijifunza chuoni, enzi za vijana wenye nywele kubwa, kwa mwalimu mmoja wa Unguja ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa na huruma kama ya mjeledi. Matokeo yake Mwalimu alizungumza Kiswahili ambacho mimi mzaliwa wa Songea nilikisikia redioni tu, wakati wa taarifa ya habari. Wiki ya kwanza tulipohamia alinigongea mlango, akanieleza kwa masikitiko, "Bi Mama Neema, kambarau imeharibika tena."

Nikadhani ni mgonjwa. "Pole sana," nikamwambia. "Yuko hospitali gani?"

Akanyoosha kidole kwenye lifti.

Mume wangu alicheka siku nzima. Lakini tangu hapo hata yeye akawa akitoka kazini anauliza, "Kambarau inaendeleaje leo? Imeamkaje?" Binti yetu Neema, anayeelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, neno hilo moja alilikubali bila kulazimishwa.

Kitu ambacho watu hawakukielewa kuhusu Mwalimu ni kwamba hakuwa mtu wa kuamini kila linalonong'onwa. Tulikuwa na kinyozi Mkenya kule Langley Park, kijana mchangamfu mwenye mdomo usiolala. Alisikia kwamba mzee anasoma historia isiyofundishwa, akafurahi kumpata mwenzake. Nilikuwepo, nilimpeleka mimi, kwa sababu gari lake lilikuwa gereji, na basi lilikuwa linachelewa siku hizo kutokana na ujenzi wa reli mpya.

"Mzee, mimi pia nishastukia hawa watu," kinyozi akasema, mashine inanguruma. "Hakuna msee aliwahi kufika kwa mwezi. Ile ilikuwa studio, walai. Na dunia yenyewe, uliza mtu wa ndege yeyote, ni flat."

Mwalimu akainua mkono. Mashine ikazimwa.

"Nani aliandika?" Mwalimu akauliza.

"Aaah, iko kwa video."

"Alikuwa wapi jambo lilipotokea?"

"Nani?"

"Aliyetengeneza video. Na nani alimlipa?"

"Mzee, sasa unani-interview?"

Mwalimu akajivua lile shuka la kinyozi, akasimama, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. "Kijana," akasema, "mimi nasoma upande wa pili kwa sababu una ushahidi na ulifichwa. Wewe unaamini upande wa pili kwa sababu ni wa pili." Akatoka. Asubuhi yake aliniomba nimrudishe kwa kinyozi yule yule, kwa sababu kofia ya sufu ilikuwa haikai vizuri. Alimalizia kunyolewa, wakitazamana kwenye kioo kama watu waliotalikiana.

Maswali yale matatu, nani aliandika, alikuwa wapi, nani alimlipa, aliyatumia kwa kila kitu. Aliyatumia kwa umbea wa kanisani. Aliyatumia kwa mume wangu alipochelewa kurudi na kusema kulikuwa na ajali barabarani. Mahali pamoja tu hakuyatumia: kwenye matangazo ya dawa za mgongo. Hapo akili yote ile ilimtoka. Alikuwa na bangili ya shaba, mkanda wa sumaku, na godoro lililokuja kwenye boksi na kumvimbia sebuleni likaziba mlango, hata mume wangu akalazimika kulisukuma kutoka nje. Nikamuuliza, kwa heshima zote, nani aliyeandika kwamba godoro lile linaponya.

"Wenye kiwanda," akasema.

"Na nani aliwalipa?"

"Mimi." Akajishika kiuno. "Mama Neema, mgongo hauna historia."

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na vitabu. Alisoma ameshika penseli, na alipokutana na uongo penseli ilikwenda yenyewe. Kwa vitabu vyake hilo halikumdhuru mtu, lakini kwa vya maktaba alikuwa ameshaonywa. Jioni moja alikuja kwetu na kitabu kikuukuu cha maktaba mkononi, amekasirika hadi masikio yanatetemeka. Mtu fulani alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa, kwa penseli. Sura ilikuwa inaeleza jinsi askari walivyowahamisha wenyeji kutoka ardhi yao, na mtu huyo ameandika: *Walihama kwa mkataba. Hili lisisitizwe.*

"Mkataba!" Mwalimu akafoka. "Mkataba gani wa mtu mwenye bunduki na mtu mwenye mtoto mgongoni? Huyu ni nani? Mjinga wa namna gani? Nitamjibu." Na kweli alikuwa amemjibu, chini yake, mistari mingi yenye alama za mshangao.

Mume wangu akachukua kitabu, akakisogeza kwenye taa. Akatazama mwandiko wa juu, akatazama wa chini.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hii herufi ya K, mbona kama ni ndugu?"

Mwalimu akavaa miwani. Akakaa. Akakumbuka: miaka mingi nyuma, akiwa mwalimu kijana, alikiazima kitabu kile kile kuandalia somo. Neema ndiye aliyeanza kucheka, tukamfuata sote, na mwisho Mwalimu mwenyewe akacheka hadi akahitaji maji. Lakini nilimwona alipotoka. Alisimama kwenye korido chini ya taa, amekifungua tena ukurasa ule ule, na hakuwa anacheka. Alilisugua lile neno la juu kwa kidole gumba, kama mama anayemfuta mtoto uchafu shavuni.

Kisa cha polisi sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Tulikuwa tunapita Langley Park, barabara imechimbwa, magari yamebanana, na Mwalimu anaendesha polepole kuliko waenda kwa miguu kwa sababu ananieleza jinsi jina la mto Potomac lilivyo la wenyeji, mto umebaki na jina na wenye jina wamesukumwa. King'ora kikalia nyuma. Akaja askari kijana, mpana wa mabega, akainama dirishani.

"Leseni, tafadha..." Akanyamaza. "Mwalimu?"

Mwalimu akavua miwani akamtazama. "Mstari wa nyuma," akasema. "Ulipenda sana kuchora. Nilikufundisha kwamba jengo la Bunge lilijengwa na wafanyakazi."

"Ndiyo, bwana, lakini hapa umezuia..."

"Neno hilo lilificha jambo. Wengi walikuwa watumwa. Walikodishwa kama nyundo, ujira ukaenda kwa mabwana zao. Nilipaswa kukwambia."

"Asante, Mwalimu. Sasa naomba uongeze mwendo kidogo tu."

"Sijamaliza. Kuna na vita vya uhuru. Nilikwambia watu weusi wote walikuwa upande wa uhuru, sikukwambia kwamba wengine waliutafuta huo uhuru kwa Mwingereza, kwa sababu ndiye aliyewaahidi."

Magari yalipiga honi hadi kwenye taa za mbele. Askari aliangalia huku na huku, akaamua. Alikwenda katikati ya barabara, akasimamisha pande zote, akatupungia mikono miwili tupite. Nimewahi kuona watu wakiwakimbia polisi. Siku hiyo nilimwona polisi akimkimbia mtu, tena kwa heshima.

Mwezi wa Novemba ulikuwa mgumu kwake. Taifa zima lina sikukuu ya kushukuru, linakula bata mzinga na kukumbuka karamu ya kwanza ya wageni na wenyeji, na Mwalimu alikataa mialiko yote. Alifunga. Alisema mtu hawezi kushukuru kwa mlo ambao baada yake mwenye nyumba hakusalimika. Basi mwaka mmoja tukamwalika kwetu, tukamhakikishia kwamba sisi ni Watanzania, tutapika pilau na mbuzi, hakuna sikukuu wala karamu ya kihistoria. Akaja na shati jeupe. Akala pilau, akasifia mbuzi, akatoa hotuba fupi juu ya wenyeji waliosalia. Hata Neema aliacha simu yake. Kisha, tulipokuwa tunaondoa sahani, Mwalimu akanifuata jikoni, akachungulia kwenye oveni, akaninong'oneza:

"Bata mzinga hamna kabisa? Hata paja?"

Mtu huyu ndiye niliyemkabidhi uraia wangu.

Nilikuwa nimeshatimiza masharti ya kuomba, na ilibidi nifanyiwe usaili: Kiingereza, halafu maswali ya historia na serikali ambayo mtu hupewa mapema ajifunze. Sikuwa nataka uraia kwa ajili ya kupeperusha bendera. Mama yangu alikuwa amebaki peke yake Songea, na nikiwa raia ningeweza kumwombea aje. Kila swali nililokosea usiku nilimwona mama amekaa kwenye kibaraza akisubiri. Nikamwomba Mwalimu anifundishe. Mume wangu aliposikia akashika kichwa.

"Mke wangu, yule mzee atakufelisha."

Hakuwa amekosea sana. Kila Jumamosi, nikishafunga cherehani yangu pale kwenye duka la mapazia, nilikwenda sebuleni kwa Mwalimu, na kwa kila swali alinipa majibu mawili.

"Nani aliwaacha huru watumwa?" angeuliza.

"Rais wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe."

"Hilo ni jibu la ofisini. La mezani?"

"Walijikomboa wenyewe, Mwalimu. Walitoka mashambani wakaenda kwenye kambi za jeshi, rais bado anafikiri."

"Na tangazo lake lilihusu Maryland hapa tulipokaa?"

"Halikuihusu. Watu wa hapa walisubiri sheria nyingine."

"Vizuri sana!" Na alifurahi kiasi kwamba alisahau kuniuliza majina ya maseneta, ambayo ndiyo nilikuwa siyajui.

Siku ya usaili ilipofika alisisitiza kunipeleka mwenyewe hadi Baltimore, amevaa tai. Mume wangu akanipa neno moja tu mlangoni: "Ya ofisini, Mama Neema. Nakuomba. Ya ofisini."

Msaili alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kalamu ya bluu. Aliniuliza ni akina nani waliishi hapa kabla ya Wazungu. Jibu la neno moja lingetosha. Mimi nikaanza kutaja makabila, nikaanzia na wa huku kwetu mtoni, nikawa naelekea magharibi.

"Inatosha, mama," akasema, anatabasamu. Akaweka alama. Kisha akaniuliza kuhusu rais yule, alifanya nini.

"Aliwaacha huru watumwa," nikasema.

Alikuwa anaandika. Ningenyamaza hapo ningekuwa nimemaliza. Niliuma ulimi, nikamwona mama yangu kwenye kibaraza, nikamwona mume wangu mlangoni. Na bado nikasikia mdomo wangu unasema, "Lakini..."

Kalamu ikasimama. "Lakini nini?"

"Lakini wengi walikuwa wameshaanza kuondoka," nikasema. "Kwa miguu yao."

Alinitazama. Mama yule akainamisha kichwa, akaweka alama yake, akafungua ukurasa mwingine. "Jibu la kwanza linatosha," akasema. Sauti yake haikuwa ya kunikaripia. Na la maseneta hakuniuliza.

Nilimkuta Mwalimu kwenye maegesho ameegemea gari, tai imepinda. Hakuniuliza kama nimefaulu.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia nusu."

Akatazama chini. Nilidhani amevunjika moyo. Kumbe alikuwa anatafuta kitambaa mfukoni. "Nusu," akasema, akijifuta pua. "Mimi miaka yote ile sikuwaambia hata robo." Ndipo akakumbuka kuniuliza matokeo, na nilipomwambia nimefaulu, akapiga honi njia nzima hadi Wheaton, yeye mtu wa mwendo wa kobe.

Kisha akaanguka bafuni. Mfupa wa nyonga ulivunjika ukaunga, lakini binti yake hakukubali tena akae peke yake, akamhamishia kwake Beltsville. Binti huyu ni mwanamke mwenye kazi nyingi na moyo mzuri, hajui Kiswahili, na alikuwa ameshamwona baba yake akimfukuzia wageni kwa mihadhara. Nilikwenda kumwona Mwalimu Jumapili moja, nimebeba mandazi. Mama yangu alikuwa ameshafika kutoka nyumbani, lakini siku hiyo baridi ilimzuia kutoka.

Nilimkuta dirishani, amepungua, blanketi magotini. Hakukuwa na kitabu karibu.

"Macho yamegoma," akanieleza. "Herufi zinaogelea. Daktari anasema hazitarudi."

Nikamwambia nitakuwa nakuja kumsomea. Akatikisa kichwa. Alitafuna andazi polepole, akitazama nje kama anapanga jambo gumu la kusema.

"Nimekuchosha na historia ya kwetu miaka yote hii," akasema. "Ya kwenu sijawahi kukuuliza hata mara moja. Ni aibu, Mama Neema."

Basi nikampa ya shuleni: vita vya Maji Maji, sababu za vita, sababu za kushindwa, zote kwa namba, kama tulivyokariri. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, "Na bibi yako alisemaje?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata Baba Neema. Songea mtoto hujisifia mababu waliopigana, walionyongwa. Baba yake bibi yangu hakupigana. Vita vilipokaribia alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaingia humo na kibuyu cha mbegu za ulezi, kibuyu kimezibwa kwa majivu na udongo, akakaa. Wenzake wakamwita Panya. Vita vikaisha, Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na watu wakala mizizi. Mvua iliponyesha hakuna aliyekuwa na mbegu ya kupanda. Hakuna, isipokuwa Panya.

Mwalimu alikuwa ameacha kutafuna.

"Wakamwendea?" akauliza.

"Mmoja mmoja, na bakuli."

"Akawapa?"

"Akawapa wote. Ila alikaa ndani, na kila aliyekuja ilimlazimu asimame mlangoni apaze sauti: 'Hodi kwa Panya!' Asipolitaja jina, mlango haufunguki."

Kicheko kilichomtoka Mwalimu kilianzia mbali, kikamtikisa na blanketi lake, andazi likaanguka, machozi yakamtiririka kwenye mikunjo ya uso. "Hodi kwa Panya!" akarudia, akijipiga paja la upande usiouma. "Hodi kwa Panya!"

Binti yake akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina povu, kidonge tayari.

"Baba! Kuna nini? Unamfundisha nini tena huyu mama wa watu?"

Mwalimu alinyoosha mkono kumzuia, bila kuniondolea macho.

"Ngoja nje kidogo, mwanangu," akasema. "Niko darasani."